Marejeo Safi, Nukuu Batili

Vyuoni kwetu kumejengeka imani ambayo hakuna anayeihoji: kwamba kunukuu vyanzo kwa usahihi ni kazi ya nukta, mkato na mabano. Jina la ukoo litangulie, mwaka ufuate, kichwa cha kitabu kiandikwe kwa herufi za mlazo, orodha ipangwe kwa alfabeti. Kisha tasnifu inapitishwa kwenye programu ya kupima ufanano, na asilimia ikitoka ndogo mwanafunzi anashusha pumzi, msimamizi anatia saini. Nje ya geti la chuo zipo steshenari ambako, kwa malipo ya maelewano, kijana wa kompyuta atakunyooshea marejeo yote jioni moja bila kusoma hata ukurasa mmoja wa vitabu ulivyovitaja. Watu wanaona ni huduma ya kawaida. Mimi naona ni ushahidi. Ikiwa marejeo yanaweza kusahihishwa na mtu asiyejua tasnifu inahusu nini, basi hicho tunachokiita usahihi hakihusiani na maarifa.

Nasema hivi: nukuu ni sahihi pale inapomfikisha msomaji mahali maarifa yalipotoka, na akifika akakuta kweli kile alichoambiwa. Mabano na mikato yapo kurahisisha safari hiyo. Tumeyafanya kuwa ndiyo safari yenyewe.

Madai haya nitayapimia mahali pamoja, nisije nikaelea hewani. Mahali hapo ni Ulaya; si bara la Ulaya, bali kata ya wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, kwenye barabara itokayo Kilosa kwenda Mikumi. Ina vijiji kama Ulaya Mbuyuni na Ulaya Kibaoni. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964, iko jirani. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa 1984, kiko Morogoro mjini. Kuna misitu ya miombo, kuna mkaa, kuna wakulima na wafugaji, kuna miradi ya wafadhili. Mtafiti hajawahi kukosa sababu ya kwenda pande hizo, na ndiyo maana pande hizo zinaonyesha vizuri jinsi tunavyonukuu vibaya huku tukipata alama nzuri.

Tuanze na hesabu ya watu. Sensa ya 2002 iliipa Wilaya ya Kilosa watu 489,513. Sensa ya 2012 ikaipa watu 438,175. Mwanafunzi anayeandika juu ya shinikizo la watu kwenye misitu atazichukua namba zote mbili, atazinukuu kwa mtindo usio na doa, kisha ataandika kwamba katika miaka kumi Kilosa ilipungukiwa watu 51,338. Pengine atatafuta na nadharia ya uhamaji ya kuelezea upungufu huo. Lakini watu hawakuhama; kilichohama ni mpaka. Gairo, iliyokuwa sehemu ya Kilosa, ilifanywa wilaya mwaka 2012 na ikahesabiwa peke yake, ikapata watu 193,011. Jumlisha wilaya mbili uone: eneo la zamani lilikuwa limeongezeka watu zaidi ya 141,000. Namba zote ni za kweli, chanzo ni cha serikali, mabano yamekaa sawa, na hitimisho limepinduka kichwa chini miguu juu. Hakuna programu itakayolipigia king'ora. Angelikamata mtu mmoja tu, yule aliyefungua vitabu viwili vya sensa na kuangalia ramani.

Au chukua vitabu vya T. O. Beidelman, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyewatafiti Wakaguru na kuandika juu yao mfululizo, kikiwemo kitabu chake cha mwaka 1971. Ni kazi kubwa, na kila anayeandika habari za mila wilayani Kilosa hulitaja jina lake. Lakini Wakaguru ni watu wa milima ya kaskazini, sehemu ambazo leo baadhi ziko Gairo. Ulaya iko kusini, upande wa Wasagara na Wavidunda. Anayetaka kueleza urithi wa ardhi Ulaya kwa kumnukuu Beidelman, eti kwa sababu kitabu kinataja Kilosa, ametaja mwandishi wa kweli, mwaka wa kweli, na watu wengine kabisa. Huenda mila za pande hizo mbili zinafanana; lakini kufanana huko nako ni dai, na dai linataka chanzo chake.

Mfano wa tatu ni mzito zaidi, kwa kuwa unagusa damu. Tarehe 8 Desemba 2000 wakulima 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, Kilosa, katika mgogoro na wafugaji. Mwaka 2009 Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah walichapisha uchambuzi wa mauaji hayo katika jarida la Development and Change. Hawakuridhika na maelezo mepesi kwamba watu na ng'ombe wamezidi ardhi. Waliitazama historia ya sera za ardhi, wafugaji kupoteza malisho, na rushwa ya waliopewa dhamana ya kuamua. Sasa mtu akiandika kwamba chanzo cha migogoro ya Kilosa ni ongezeko la watu na mifugo, kisha akafungua mabano na kuwaweka watatu hao ndani yake kama mashahidi, amewasingizia. Na asiyejua jiografia ataongeza kosa juu ya kosa kwa kuichanganya Mbuyuni ya Rudewa na Ulaya Mbuyuni, vijiji viwili tofauti vya wilaya moja. Kijiji kisichohusika kitabebeshwa msiba wa jirani yake, na msomaji wa Dodoma au wa Oslo hatajua.

Wapo watakaosema mifano hii ni ya wanafunzi wazembe, na kwamba wasomi wakubwa hawakosei hivyo. Basi tutoke Kilosa kidogo. Mwaka 1980 Jane Porter na Hershel Jick waliandika barua ya aya moja katika jarida la tiba la New England. Walisema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa kali za maumivu wakiwa hospitalini, walikuta wanne tu waliopata uraibu. Barua ile ilinukuliwa mara 608 kufikia uchambuzi uliochapishwa katika jarida hilohilo mwaka 2017. Zaidi ya asilimia 70 ya nukuu hizo ziliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra, na nyingi zaidi hazikutaja kabisa kuwa wagonjwa wale walikuwa wamelazwa, si watu waliopewa vidonge waende navyo nyumbani. Waliofanya hivyo walikuwa madaktari, katika majarida yenye wahakiki na wahariri, na kila nukuu ilikuwa na jina, mwaka na ukurasa. Marekani ikaingia katika janga la uraibu huku barua ya aya moja ikiendelea kuitwa utafiti. Mtindo wa kunukuu haukumwokoa hata mgonjwa mmoja.

Kwetu lipo dai ambalo limekuwa likirudiwa hivyohivyo kwa miaka mingi: kwamba mkaa ndio unaoimaliza misitu ya Tanzania. Ripoti huinukuu ripoti, tasnifu huinukuu ripoti, na hotuba huinukuu tasnifu. Mwaka 2020 Nike Doggart na wenzake walichapisha utafiti uliokwenda kuangalia maeneo yaliyofyekwa, wakakuta kisababishi kikuu ni kilimo. Unaweza kubishana nao. Mbinu zao zipo wazi. Lakini huwezi kubishana nao kwa kuorodhesha waandishi kumi ambao wote wamekopa sentensi moja kutoka kwa mwandishi wa kumi na moja ambaye hakuna aliyemsoma. Orodha ya namna hiyo inaonekana ni mashahidi kumi, kumbe ni sauti moja na mwangwi wake.

Hapo ndipo ile programu ya kupima ufanano inapotuangusha zaidi. Turnitin na wenzake hulinganisha maneno na maneno. Kampuni yenyewe inaeleza kwamba alama ya ufanano haisemi kama kuna wizi. Kazi ya kuamua ni ya mwalimu. Sisi tumeigeuza alama hiyo kuwa hukumu. Matokeo yake mwanafunzi amejifunza ustadi mmoja: kupindua sentensi ya mwenzake mpaka mashine isiitambue. Wazo limeibwa zima, maneno yamebadilishwa nguo, asilimia imeshuka. Na yule aliyenukuu kwa uaminifu aya ndefu ya sheria ya misitu, neno kwa neno, ndani ya alama za kunukuu, anaitwa ofisini kwa sababu asilimia yake imepanda.

Sasa imekuja akili mnemba, na imeivua nguo imani hii hadharani. Mwezi Juni 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 katika kesi ya Mata dhidi ya kampuni ya ndege ya Avianca. Waliwasilisha hoja zenye kesi za mfano zilizotungwa na ChatGPT. Kesi zilikuwa na majina, namba na majaji, zimeandikwa kama kesi zinavyoandikwa. Kasoro yake ni kwamba hazikuwahi kuwepo. Tukibaki na tafsiri ya sasa ya usahihi, mashine itakuwa mwanafunzi wetu bora kuliko wote, maana haikosei mkato. Itatupa risiti halali ya bidhaa ambayo hakuna duka lililowahi kuiuza.

Wala tusidanganyane kwamba mitindo hii ilizaliwa ili iabudiwe. Mtindo wa kuweka jina na mwaka ndani ya mabano huhusishwa na Edward Laurens Mark wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeutumia mwaka 1881 katika makala juu ya konokono wa bustanini asiye na gamba. Kanuni za APA zilianza mwaka 1929 kama makala ya kurasa saba. Waliozianzisha walitaka msomaji akifika kwenye dai ajue upesi pa kwenda. Leo zimekuwa kitabu cha kurasa zaidi ya mia nne, na bado mwandishi akieleza wazo la mwenzake kwa maneno yake mwenyewe, kanuni hizo hazimlazimishi kutaja ukurasa. Wanafunzi wetu wameupenda ulegevu huo. Anakutajia kitabu cha kurasa mia tatu na kukuacha humo ukitafuta sentensi yake. Ukimuuliza, atakujibu kwamba APA imeruhusu.

Sasa nifike kwenye dhuluma iliyo kubwa kuliko zote, ile inayofanyika kwa jina la usahihi wenyewe. Mtafiti anapofika kijijini, jambo la kwanza ni kwenda kwa mtendaji na kusaini kitabu cha wageni: jina, atokako, shughuli, tarehe. Kisha anazungumza na wachoma mkaa, na kamati ya maliasili, na wazee. Ulaya Mbuyuni ni miongoni mwa vijiji vya Kilosa vilivyoingia katika mradi wa mkaa endelevu ulioanza 2012 kwa fedha za Uswisi, ambamo msitu wa kijiji uligawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, vivunwe kwa kurukwa, kwa mzunguko wa miaka 24 ili visiki vichipue. Utaratibu kama huo hauwezi kuelezwa bila watu wanaouishi. Mtafiti anasikia, anaandika, anarudi chuoni. Tasnifu ikitoka, orodha ya marejeo ina wanazuoni wa Uingereza na Marekani ambao hawajawahi kuiona tanuri ikifukiwa. Kijiji kimo katika sura ya tatu kama eneo la utafiti, na watu wake ni "mhojiwa wa 7". Kijiji kilimwandika mgeni wake kitabuni. Mgeni hakukiandika kijiji.

Nikilisema hili najibiwa kwamba mwanakijiji ni data, si chanzo. Na kwamba kauli ya mdomo haikaguliki. Jibu hilo lina umri mkubwa na historia mbaya. Mwaka 1903 huko Ujerumani kilichapishwa kitabu cha desturi za Waswahili chenye jina la Carl Velten jaladani. Aliyeandika sehemu kubwa ya maarifa yale ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Ilipita miaka 78 ndipo tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, mwaka 1981, ilipoliweka jina la Mtoro mahali pake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yeye hata haki ilisubiri mpaka amefia ugenini Berlin.

Wala si kweli kwamba kauli ya mdomo haiwezi kunukuliwa kwa utaratibu. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya kumbukumbu za Vita vya Maji Maji, vita vilivyofika hadi pande za Kilosa mwaka 1905. Ripoti zao zilipewa namba na kuhifadhiwa, na wanahistoria waliokuja baadaye wamezinukuu kwa namba hizo. Gilbert Gwassa na John Iliffe walipochapisha kumbukumbu za vita hivyo miaka hiyohiyo, wazee walitajwa kwa majina na vijiji vyao. Watanzania wa miaka ya sitini, wenye daftari na kalamu, waliweza. Sisi wenye simu za kurekodi tunasema haiwezekani.

Na hata kabla ya vyuo vikuu, pwani hii ilijua kunukuu kauli. Mwanachuoni anayesoma hadithi za Mtume hufundishwa kutazama sanadi: nani alipokea kutoka kwa nani, mmoja baada ya mwingine, na kila mpokezi apimwe uaminifu na kumbukumbu yake. Hadithi yenye maneno mazuri na mlolongo uliokatika huhesabiwa dhaifu. Huo ni ukaguzi wa kauli ya mdomo, na ni mkali kuliko ule wa wahakiki wengi wa majarida.

Hoja ya pili ya wapinzani wangu ina uzito zaidi: maadili ya utafiti yanataka siri. Nakubali nusu. Mtu aliyekueleza kwamba alitoa rushwa, au alichoma mkaa bila kibali, au ana ugonjwa, jina lake lifichwe, na afichuaye aadhibiwe. Lakini mzee aliyekufundisha mti upi huchipua upesi na upi ukikatwa umekufa hakukutolea siri, amekufundisha somo. Kumficha huyu kwa jina la kumlinda ni kumnyang'anya. Dawa ni kumuuliza: je, jina lako liandikwe? Fomu ya ridhaa ina nafasi ya swali moja zaidi. Hata waliotunga APA wameanza kuona pengo hilo. Kanuni zao huyaacha mazungumzo binafsi nje ya orodha ya marejeo, lakini toleo la saba limeweka maelezo ya pekee kuhusu maarifa ya wenyeji wa asili, na mwaka 2021 Lorisia MacLeod, mkutubi wa Kanada wa jamii ya Wakrii, alichapisha kielelezo cha kuwaingiza wazee ndani ya orodha, kwa jina, jamii, mahali na tarehe.

Tena kijiji hakina kauli za mdomo tu. Kwa Sheria Namba 7 ya 1982 kijiji kina halmashauri na mkutano mkuu, na vikao hivyo vina mihtasari. Kuna mipango ya matumizi ya ardhi, inayotajwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999. Kuna sheria ndogo za misitu chini ya Sheria ya Misitu Namba 14 ya 2002. Kuna vitabu vya stakabadhi za ushuru wa mkaa. Nyaraka hizi zina mwandishi, zina tarehe, zina mahali zinapohifadhiwa: vyote ambavyo mtindo wowote wa kunukuu unavidai. Lakini mtafiti atauzungumzia uamuzi wa mkutano mkuu wa kijiji kwa kunukuu makala ya jarida la ng'ambo iliyouelezea uamuzi huo kwa muhtasari, kwa sababu makala ina kiungo cha intaneti na muhtasari wa kijiji uko kabatini kwa mtendaji. Ameuacha mkono wa kwanza akashika wa tatu, na mtahini akamsifu kwa fasihi ya kisasa.

Hoja ya mwisho ni ya uchovu: wanafunzi ni wengi, wasimamizi ni wachache, muda hautoshi kukagua kila chanzo. Ni kweli hautoshi. Lakini muda wa kuwarudishia wanafunzi tasnifu kwa sababu ya mikato huwa unapatikana. Huhitaji kukagua marejeo mia. Chagua matano bila kumwambia, siku ya utetezi, umwambie mtahiniwa aje nayo na afungue pale aliponukuu. Mdai ukurasa kwa kila dai, liwe limenukuliwa neno kwa neno au limeelezwa kwa maneno yake. Kama amezungumza na watu wa Ulaya, aonyeshe ni nani aliyekubali kutajwa na ametajwa wapi. Na nakala ya tasnifu, pamoja na muhtasari wake kwa Kiswahili, ifike ofisi ya kijiji, ili walionukuliwa waweze kusema kama walisema hivyo. Ukaguzi wa namna hiyo haumhitaji mtaalamu wa kompyuta, na wanafunzi wakishajua kwamba upo, wengi watasoma kabla ya kunukuu.

Sijasema mitindo itupwe. Orodha iliyopangwa vizuri ni heshima kwa msomaji, na mwanafunzi anayeandika mwaka kombo leo ataandika takwimu kombo kesho. Ninachokataa ni kuuweka utaratibu mahali pa ukweli, kisha kugawa shahada kwa wanaoujua utaratibu. Mtahini anayetaka kujua kama tasnifu imenukuu sawasawa aanze na swali ambalo steshenari haiwezi kulijibu kwa niaba ya mteja wake: nikienda huko ulikonielekeza, nitakikuta ulichosema? Asiyeweza kulijibu arudi akasome, hata kama mabano yake yote yamefungwa.